Bagika na Bagalu: Mashindano yaliyolinda nyimbo za Wasukuma

Kwa desturi, mwezi Juni unapowadia na mazao yakiwa yamekwisha kuingizwa ghalani, vikundi vya ngoma kutoka vijiji vya Usukuma hukusanyika Bujora, Kisesa, wilayani Magu, takribani kilomita 20 kutoka jijini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Hapo ndipo hufanyika tamasha la Bulabo, ambamo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja likiwa upande wake wa uwanja. Mtazamaji anayevutiwa na upande wa pili huhama bila kuomba ruhusa. Kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo huhesabiwa kuwa mshindi.

Utaratibu huo ni wa zamani kuliko tamasha lenyewe. Simulizi za wazee zinaeleza kuwa katika karne ya 19 waliishi waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, walioshindana kuonesha ni nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi. Badala ya kupigana, walikubaliana kuwaachia watu waamue kupitia ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakajulikana kuwa ni Bagalu. Hadi leo vikundi vingi vya ngoma za Kisukuma hujitambulisha kwa upande mmoja kati ya hizo mbili, na bado dawa ya kuvutia watazamaji, iitwayo samba, hutajwa sana katika mazungumzo ya mashindano.

Jambo la kuzingatia ni athari ya mashindano hayo kwa utunzi. Kundi haliwezi kuwavuta watu kwa nyimbo zilizokwisha kuzoeleka tangu msimu uliopita. Kwa hiyo mtunzi na mwimbaji kiongozi, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hulazimika kutunga upya: kumtania mpinzani, kusifu, kuonya, kueleza yaliyotokea kijijini na nchini. Ndiyo maana nyimbo hizo, ingawa huitwa za jadi, hazikuwahi kusimama mahali pamoja. Nyingi zina mtunzi anayejulikana kwa jina, na wasikilizaji wanaweza kueleza ziliimbwa wakati gani na kwa sababu gani.

Chanzo kingine cha nyimbo za Kisukuma ni kazi. Vyama vya wawindaji wa nungunungu, vya waganga wa nyoka na vya wakulima vilikuwa na nyimbo zao, na wapagazi waliobeba mizigo kwenda pwani katika karne ya 19 waliimba njiani. Iliyopata umaarufu zaidi ni bugobogobo, ngoma ya wakulima. Wanakikundi walilima kwa jembe la mkono wakiwa wamejipanga mstari, ngoma ikiwapa mwendo, ili shamba la mwenzao liishe mapema na uchovu usahaulike. Kilimo cha pamba kilipopanuka katika Kanda ya Ziwa katika karne ya 20, haja ya nguvu kazi ya pamoja iliongezeka, na bugobogobo ikapata nafasi kubwa zaidi.

Leo plau ya kukokotwa na ng'ombe na trekta vimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Bugobogobo bado inachezwa shuleni, katika sherehe za kitaifa na mbele ya wageni, na wachezaji bado hurusha majembe juu na kuyadaka. Hata hivyo, jukwaa hudumu dakika chache, ilhali shamba lilihitaji nyimbo za kutwa nzima. Katika mabadiliko hayo mitindo ya kucheza huhifadhika, lakini nyimbo nyingi hazipati tena mahali pa kuimbwa.

Mtu aliyetambua mapema thamani ya urithi huu ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Kuanzia miaka ya 1950 alijenga Bujora kuwa kituo cha utamaduni, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo, yakiwa na ngoma za watemi, vifaa vya waganga na jengo la vyama vya ngoma. Bulabo yenyewe, neno lenye maana ya maua, ilikua kutokana na maandamano ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kisha ikawa mahali ambapo Bagika na Bagalu hukutana kwa siku kadhaa.

Jitihada za kurekodi nazo zimefanyika. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wasukuma. Mwaka 2010 mtafiti Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, pamoja na maelezo yake. Kwa upande wa sheria, Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatoa ulinzi pia kwa sanaa za jadi.

Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya nyimbo hizo imo vichwani mwa wazee. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti, lakini sauti peke yake haimwambii kijana wa kesho ni nani anayetaniwa, fumbo linahusu nini, wala kwa nini watazamaji walihama uwanja siku hiyo. Anayerekodi wimbo kwa mzee wake anapaswa kumuuliza pia jina la mtunzi, kijiji, mwaka, kazi au shindano ulikotumika wimbo huo, na maana ya maneno ya Kisukuma ambayo vijana hawayatumii tena. Maswali hayo yanahitaji kuulizwa wakati wa kuyajibu wangalipo.