Disketi ya Kuokolea Kompyuta na Namna ya Kuitengeneza kwa Haja Maalumu

Kompyuta ikiwashwa ikashindwa kuanza kazi, watu wengi hudhani kuwa maandishi yaliyomo yamepotea. Dhana hiyo mara nyingi si sahihi, nayo ina hasara kubwa. Mtu aliyekusanya msamiati wa lahaja kwa miaka mingi huweza kukubali diski yake ifutwe na kupangwa upya, hali msamiati wenyewe ungali mzima ndani yake. Kilichoharibika huenda ni sehemu ndogo tu ya mfumo wa kuanzishia mashine. Nia ya makala haya ni kueleza namna disketi moja yenye mfumo wa Linux ilivyotumiwa kuingia katika mashine ya namna hiyo, na jinsi mtu awezavyo kujitengenezea yake.

Kwanza yafaa kujua mwendo wa kuanza. Kompyuta za aina ya PC za zama za disketi husoma sekta ya kwanza ya disketi, yenye baiti 512. Programu fupi iliyomo humwita kianzishi. Kianzishi hupakia kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Nacho kiini hufungua mkusanyo wa mafaili yaliyobanwa na kuuweka wote katika kumbukumbu ya mashine. Diski kuu iliyoharibika haihitajiwi hata kidogo. Tangu hapo disketi yenyewe yaweza kutolewa, ikaingizwa nyingine ya kunakilia.

Shida kubwa ni nafasi. Disketi ya kawaida ina duara 80 kila upande, pande 2, na sekta 18 katika kila duara: jumla sekta 2,880, yaani kilobaiti 1,440. Tom Oehser, katika disketi yake iitwayo tomsrtbt, alitumia duara 82 na sekta 21, akapata kilobaiti 1,722. Lakini si kila kiendeshi kiwezacho kusoma disketi iliyopangwa hivyo.

Njia nyingine ya kubana matumizi ni BusyBox, programu iliyotungwa na Bruce Perens mwaka 1995 kwa ajili ya Debian. Wanaisimu wataielewa upesi. Kama vile mzizi -som- unavyozaa soma, somea, somesha na msomaji, ndivyo programu hii moja inavyobeba amri nyingi ndani yake. Hutazama jina iliyoitwa kwalo, ikatenda kazi ya jina hilo. Sehemu zinazoshirikiwa na amri zote huandikwa mara moja tu.

Ama utengenezaji wenyewe una hatua tano. Ya kwanza ni kuandika orodha ya haja: kufungua diski, kukagua mafaili, kunakili, kuhariri faili la mipangilio. Kisichokuwamo katika orodha kiachwe. Ya pili ni kujenga kiini chenye viendeshi vya mashine inayokusudiwa pekee, pamoja na uwezo wa kutumia kumbukumbu kama diski. Ya tatu ni kutengeneza faili tupu, mathalan la kilobaiti 4,096, kulipanga kwa amri ya mke2fs, kisha kutia ndani yake BusyBox, saraka za lazima kama /dev, /etc na /proc, na amri ya e2fsck. Ya nne ni kulibana faili hilo kwa gzip na kupima jumla. Kiini kikichukua kilobaiti 700, hubaki pungufu ya 740 kwa vyote vilivyosalia. Vikizidi, hapana budi kurudi kwenye orodha ya kwanza na kupunguza. Ya tano ni kuviweka vyote katika disketi pamoja na kianzishi cha SYSLINUX na faili lake la maelekezo, halafu kuijaribu katika mashine nzima kabla ya kuitegemea.

Siku ya kuitumia, mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko wingi wa amri. Kitundu cha ulinzi cha disketi kiwe wazi ili isiandikwe. Diski kuu ifunguliwe kwa kusoma tu. Mafaili yenye thamani yanakiliwe kwanza mahali pengine. Ndipo e2fsck itumiwe kurekebisha, kwa kuwa marekebisho hubadili diski, na mabadiliko hayo huenda yasirudishike.

Disketi zenyewe zimekwisha kupita. Sony iliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011, na viini vya Linux vya siku hizi kwa kawaida havienei tena katika kilobaiti 1,440. Kazi ile ile sasa hufanywa kwa kijiti cha USB, chenye nafasi tele. Hata hivyo mwendo haukubadilika: kuanza kutoka nje, kusoma bila kuandika, kunakili, kisha kurekebisha. Wala chombo hiki hakimsaidii mtu ambaye diski yake imevunjika kabisa. Hivyo mwenye msamiati wa lahaja na awe navyo vyote viwili: chombo cha kuokolea kilichokwisha kujaribiwa, na nakala ya pili iliyowekwa mbali na mashine.