Weupe katika Mboni ya Mtoto Haungojewi

Askari wa zamu ya usiku ajua jinsi macho ya paka yang'aavyo yakipigwa na kurunzi. Mng'ao kama huo ukionekana katika jicho la mtoto wake nyumbani, asiudharau. Huenda ni mtoto wa jicho, lakini pia huenda ni retinoblastoma, yaani saratani iotayo katika utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga. Ni daktari tu awezaye kuyatenga mawili hayo.

Maradhi haya huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5, na mara nyingi mwanzoni hayaumi. Kwa hiyo ni juu ya mzazi kutazama: mboni nyeupe, kengeza lililozuka, jicho jekundu au lililovimba. Mzazi aliyewahi kuugua maradhi haya utotoni awapeleke watoto wake kupimwa tangu wazaliwapo.

Daktari hutia matone ya kupanua mboni, humlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, kisha huchunguza macho yote mawili. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha ukubwa wa uvimbe. Kwa kawaida hakikatwi kinyama cha kupimwa, maana kulitoboa jicho kwaweza kuitawanya saratani.

Uvimbe mdogo huchomwa kwa leza au hugandishwa kwa baridi kali, aghalabu pamoja na dawa za saratani zitiwazo mshipani. Uvimbe ukiwa mkubwa, hulazimu kuliondoa jicho. Hapo wazazi wengine humchukua mtoto wakarudi naye nyumbani. Uchungu wao twauelewa. Lakini jicho la namna hiyo kwa kawaida limekwisha kupoteza nuru, na saratani ikiachwa huweza kufuata mshipa wa jicho hadi ubongoni, ikaua. Mtoto mwenye jicho moja na jingine la bandia huenda shule na kucheza na wenziwe.

Nchini Uganda, Kituo cha Macho cha Ruharo, Mbarara, kilianza mwaka 2009 kutumia dawa za saratani katika tiba hii, na watoto waliopona wakaongezeka.

Basi twawasihi ndugu zetu wanajeshi na polisi: mkirejea kutoka kazini, na mama akasema ameona weupe katika jicho la mtoto, msimwambie angoje mwisho wa mwezi. Ombeni ruhusa siku hiyo hiyo.