Ndege Waliodaiwa Kuhamia Jirani

Tangu mwaka 1987, kila Januari, watu wa kujitolea kutoka Asia Kusini hadi Japani na Australia huteremka kwenye mabwawa na fukwe za tope kuhesabu ndege wa majini. Sensa hiyo huratibiwa na shirika la Wetlands International. Januari ina sababu yake: ndege waliokimbia baridi ya kaskazini huwa wametulia, na si rahisi kundi moja kuhesabiwa katika nchi mbili.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unasubiri maji yajae, tope lifunikwe, ndege wabanane kwenye kipande kilichosalia kikavu. Hapo unahesabu mia moja, unakariri upana wa hiyo mia, kisha unaipimia kundi zima: mara ishirini, mara hamsini. Kipanga akipita, unaanza upya. Na usipoona hata mmoja, unaandika sifuri, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa halina cha kusimulia nyumbani.

Lakini kutoona nako ni taarifa. Huko Saemangeum, magharibi mwa Korea Kusini, mwaka 2006 ukuta wa kilomita 33 uliizuia bahari kufika kwenye midomo ya mito miwili, ambako ndege wa pwani walitua kujilisha wakielekea kaskazini kuzaliana. Watetezi wa ukuta huo walikuwa na jibu jepesi: ndege watahamia jirani. (Ndege, inaelekea, hawakushirikishwa.)

Waliohesabu hapo na maeneo ya karibu hadi mwaka 2008 waliona jamii mojawapo ya ndege hao wa pwani, Calidris tenuirostris, ikipungua kwa makumi ya maelfu, na jirani hapakuwa na ongezeko la kufidia. Mbishi bado angeweza kusema wamekwenda mbali zaidi. Kilichomnyamazisha ni hesabu za kaskazini-magharibi mwa Australia, wanakorudi ndege hao wakishazaliana: nako walikuwa wamepungua. Hawakuhama, walikufa. Hesabu za Korea peke yake zisingeweza kuthibitisha hilo.

Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, nao huegemea hesabu za namna hii. Eneo ambalo kwa kawaida lina asilimia 1 ya ndege wa jamii fulani hustahili kutambuliwa kimataifa. Kigezo kizuri, ila kina kichekesho chake: jamii ikipungua, asilimia 1 yake nayo inashuka. Hivyo eneo linaweza kupoteza nusu ya ndege wake likabaki na hadhi ileile, mradi kwingine kote nako wamepungua vivyo hivyo.