Samadi Inavyokula Chuma: Kabla Hujanunua Mashine ya Mtumba

Umekuta mashine ya kusambaza samadi inauzwa bei ya kutupa, rangi inang'aa? Chungulia chini kwanza. Samadi ina maji na chumvi za mkojo. Kutu inahitaji umeme mdogomdogo upite kwenye unyevu, na maji ya chumvi huupitisha vizuri kuliko ya mvua. Mashine ikilala bila kuoshwa, chuma kinaliwa usiku kucha! Wahanga wa kwanza ni sakafu na mnyororo unaoburuta samadi kwenda nyuma. Gonga sakafu ya chuma kwa nyundo: iliyo nzima hulia, iliyoliwa hutoa sauti butu. Mnyororo mpya, sakafu, fundi: vyote jumlisha kwenye bei ya muuzaji. Ukikaribia bei ya mashine mpya, mwachie mwenyewe.