Balansi, kuku aliyekataa kusimama

Siku ya kwanza tulifikiri ni uvivu tu. Mvua ilikuwa imepiga usiku wote hapa kambini, kando ya barabara ya Ndjingala, na kuku wote walikuwa wamejikunja chini ya mabaraza. Saa tatu jua likatoka. Wengine wakaenda kuparua, Balansi akabaki pale pale. Mtoto akamwita na mahindi mkononi kama kila asubuhi. Kuku akainua kichwa, akataka kuja, mguu mmoja ukaenda mbele, mwingine ukabaki nyuma, akaanguka kwa ubavu. Mtoto akakimbia kutuita:

— Baba mudogo, Balansi haiweze tena kusimama!

Wasomaji wetu watauliza kwa nini sindika ya wachimbaji inaandika juu ya kuku mmoja. Basi musikilize kwanza kuku huyu ametoka wapi.

Tulimnunua Masisi, upande wa Rubaya, siku moja ya nadra ambapo balansi ya negosianti ilikubali kwamba kilo yetu ni kilo. Wenye kushika kazi hii wanajua siku kama hiyo inakuja mara ngapi kwa mwaka. Mwezi huo tulikuwa tumemzika mwenzetu ambaye ardhi ilimfunika ndani ya shimo. Sindika yetu haina sanduku kubwa, iko na likelemba tu na mioyo ya watu. Hatukuweza kumjengea mjane wake nyumba. Tulinunua kuku watatu, majike, tukampelekea. Mtoto wake wa kike akamchagua mmoja, akamwita Balansi, kwa kuwa alisikia tunacheka juu ya ile balansi iliyosema ukweli.

Vita ilipofika Rubaya mwaka 2024 familia ikatoka. Walipitia Masisi-centre, Nyabiondo, Kibua, siku moja kwa miguu, siku nyingine kwa moto, mpaka huku Walikale ambako baba zake wadogo walikuwa wanachimba kasiterite. Kuku mmoja aliuzwa njiani, wa pili akaliwa njiani. Balansi alifika. Mayai yake yalikuwa yanaenda kwa mama wa malewa, na makuta ya mayai yalikuwa yanaleta daftari na kalamu. Kwa hiyo aliyeanguka asubuhi ile alikuwa kuku, ndiyo, lakini alikuwa pia masomo ya mtoto na kitu cha mwisho kilichobaki cha matanga ya baba yake.

Kambi ikagawanyika mara moja. Wa kwanza walikuwa watu wa sufuria: «Hiyo kuku mutaikula lini? Ikikonda itakuwa bure.» Wa pili walisema ametumiwa, kuna jirani mwenye jicho baya. Wa tatu walikuja na dawa: mmoja pilipili, mwingine kapsule ya tetra aliyokuwa ameificha tangu alipojikata mguu. Tulimrudishia kapsule yake. Mtoto hakusema kitu. Alimshika kuku chini ya kitenge na kutuangalia sisi, moja kwa moja.

Tulimpata veterinere kwa simu jioni, tukiwa tumepanda kilima kutafuta rezo. Kwanza alituuliza maswali, na tunayaandika hapa kwa sababu yanafaa kwa kila nyumba yenye kuku. Shingo imejipinda? Hapana. Mavi ni ya kijani na maji? Hapana. Wengine wanakufa? Hapana. Basi, akasema, tusikimbilie kusema ni pseudopeste, ile ambayo Waingereza wanaiita Newcastle. Hiyo ikiingia kambini haichagui kuku mmoja, inafagia. Iko chanjo yake inayoitwa I-2, inayovumilia joto kuliko zile za zamani: tone moja ndani ya jicho, na kurudia kila miezi 4. Dawa ya kuitibu haiko.

Akaendelea. Nyayo zimevimba, kuna kidonda cheusi chini? Tukatazama na tochi ya kichwa, ile ya shimoni: safi. Kuna yai limekwama? Mama mjane akapaka mafuta kidole akaangalia: hapana. Shingo imelegea kama kitambaa? Hapo alikuwa anatafuta sumu ya kuku aliyekula funza wa mzoga. Hapana. Halafu akataja ugonjwa ambao hatukuwa tumesikia, wa Marek. Daktari wa wanyama kule Hungaria, József Marek, aliuandika mwaka 1907 baada ya kuona majogoo wamelemaa. Ni virusi vinavyokula mishipa ya fahamu. Kuku anakaa mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama wetu. Vinatoka katika vumbi la manyoya na vinaishi ndani ya banda miezi mingi. Chanjo inapigwa siku kifaranga anapotoka kwenye yai, na nani huku amewahi kuona kifaranga wa kienyeji akichanjwa siku hiyo? Tena hakuna dawa. Lakini Marek hupenda kuku wadogo, wa miezi michache, na Balansi ana zaidi ya mwaka. «Siwezi kukataa, siwezi kukubali,» akasema veterinere.

Swali lake la mwisho ndilo lilitushinda kujibu haraka: anakula nini?

Tukamwangalia mtoto. Akaeleza polepole. Tangu kuku wawili wa jirani waibiwe, alikuwa anamfunga Balansi na kamba nyuma ya nyumba, mchana na usiku. Hakuwa anaparua tena, hakuwa anapata wadudu wala majani. Mahindi yalikuwa yale machache ya asubuhi, ya kumchezea. Chakula chenyewe kilikuwa masalio ya wali mweupe wa malewa, kila siku, wiki nyingi. Mtoto alifikiri anamlisha kama mfalme.

Hapo veterinere akacheka kwenye simu na kutupa hadithi ya kweli, ambayo tuliitafuta baadaye na kuikuta sawa. Miaka ya mwisho ya 1880, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, kule Java, akitafuta mdudu wa beriberi, ugonjwa uliokuwa unalemaza miguu ya maaskari na wafungwa. Kuku wake wa majaribio wakaanza kulemaa wenyewe, bila yeye kuwafanya kitu. Kisha wakapona, pia bila yeye kufanya kitu. Alipochunguza akakuta mtumishi wa kuku alikuwa anachukua mabaki ya wali mweupe katika jiko la hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipofika akakataa: wali wa jeshi si wa kuku raia! Kuku wakarudia mchele wenye ganda lake, miguu ikarudi. Eijkman mwenyewe alichelewa kuelewa, alifikiri kuna sumu ndani ya wali. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye alisema mwaka 1901 kwamba kuna kitu kizuri kinachopotea pamoja na pumba. Leo kinaitwa vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Nobel. Yote ilianza na mpishi mwenye roho ngumu.

Na sisi huku Walikale tunalima mpunga, tunaupeleka kwa mashine, na pumba tunaimwaga kwenye mtaro.

Tusijidanganye kwamba jibu lilikuwa limepatikana. Wali mweupe ni sababu moja inayowezekana. Kamba ni nyingine. Balansi alitoka Masisi juu ya moto, miguu imefungwa na nailoni, kichwa chini, kama sisi wote tunavyobeba kuku, na kamba ya mjini ilikuwa mguu ule ule. Mshipa ukibanwa muda mrefu unalala. Wengine walisema ni vumbi la mawe. Hatucheki neno hilo: mwaka 2010 kule Zamfara, Nigeria, watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani, ndani mulikuwa risasi, na watoto zaidi ya 400 wakafa. Mawe yetu si yale. Hata hivyo sufuria ya kuoshea kasiterite isinyweshe kuku, na isipike sombe. Na akina mama wa Kwango, mbali huku magharibi mwa nchi yetu, wanajua konzo, ambayo daktari Trolli aliiandika mwaka 1938: muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, mtu analala mzima na kuamka miguu imekakamaa. Miguu ina adui wengi.

Tukaanza kuchangisha. Franka 500 kwa kila mtu, kwa ajili ya vidonge vya vitamini B kwenye farmasi ya Mubi. Watu walitoa, wengine wakicheka. Tulipofika nyumba ya mwisho ya mstari, ndipo mambo yakageuka.

Pale analala kaka mmoja aliyevunjika mgongo ndani ya shimo. Miguu yake haimsikilizi, mwaka wa tatu sasa. Alisikia sababu ya mchango, akanyamaza, akatoa franka 500 chini ya mto, akasema:

— Bakubwa, chukueni. Lakini niulize. Juu ya kuku mumezunguka kambi nzima kwa siku moja. Juu yangu mulizunguka lini?

Hakuna mtu alijibu. Tulikuwa wanne, na kati yetu mumoja ndiye aliyeshika kamba siku ile ya kumtoa chini. Tulikuwa tumemchangia hospitali, ndiyo, mara moja. Kisha tukarudi shimoni. Kreizeri hana kontra, na asiye na kontra CNSS haimjui. Ana karti ya uchimbaji tu, na karti hiyo ameilipia yeye mwenyewe. Tunayasema haya kila mukutano. Lakini kumwambia mtu huyo maneno ya mukutano, hapana.

Yeye ndiye alivunja kimya:

— Leteni ile kuku huku. Mimi najua kazi ya kulala.

Na kweli aliijua. Sisi tulikuwa tumemweka Balansi juu ya gunia, basi. Yeye aligusa kifua cha kuku, pale kwenye mfupa, akatuonyesha ngozi imeanza kuwa nyekundu. «Hapa ndipo inaoza,» akasema, «mimi nilioza hapa,» akapiga kiuno chake. Akadai majani makavu mengi, yabadilishwe yakilowa. Akamgeuza kila saa mbili mchana, ubavu huu, kisha ule. Alimtengenezea mkoba wa kitenge wenye matundu mawili, akamning'iniza kwenye mti wa kitanda, miguu ikigusa chini kidogo, dakika chache asubuhi na jioni. Kikombe cha maji mbele ya mdomo, kwa sababu mgonjwa hafi kwa ugonjwa tu, anakufa kwa kiu na maji yako hatua mbili. Mtoto alikuwa anakuja na pumba kutoka mashine, majani ya lengalenga, mchwa, na kidonge kilichopondwa ndani ya maji. Kamba tulikata.

Siku ya tisa vidole vya mguu wa kulia vilishika kijiti. Siku ya kumi na saba Balansi alisimama, akatetemeka, akakaa tena kama mutu aliyesahau kitu. Sasa anatembea. Anachechemea kama mwenye kilo 50 begani kwenye utelezi wa Bisie, lakini anatembea. Veterinere alipopita na kumwona alisema inaweza kuwa vitamini, inaweza kuwa kamba, na kama ni Marek inaweza kurudi, tusimchanganye na vifaranga. Hatukupata jina la ugonjwa. Watu wa jicho baya nao wanadai ushindi, kwa kuwa jirani yule amehama.

Kuhusu kaka yetu. Tuliweka zamu: kila jioni watu wawili wanakwenda kumgeuza na kumnyoosha miguu, ili mama yake mzee apumzike. Zamu imevunjika mara mbili, tunakiri, wiki ya malipo watu hupotea. Fundi mmoja wa tshukudu aliyekimbia kutoka Masisi alimtengenezea kiti cha magurudumu ya mbao. Kwenye vumbi kinaenda vizuri, mvua ikinyesha kinazama kwenye matope na tunakibeba kama jeneza, yeye akitutukana. Pia tumeandika barua kuomba sanduku la ajali, makuta kidogo kwa kila gunia linalotoka shimoni. Tuliipeleka wenyewe, tukagongewa muhuri wa kuipokea. Ni wiki ya nane sasa.

Balansi alitaga tena Jumanne. Mama mjane alitaka yai liende malewa, deni la daftari bado liko. Mtoto alilipeleka kwa kaka. Kaka alikataa kulila, akamwita mama wa malewa, akaliuza mwenyewe kwa bei ambayo mtoto hajawahi kuipata, na kumpa makuta yote. Wakati wanahesabu, kuku alikuwa amelala chini ya kile kiti.