Tutazame Nini Juma Hili?

Swali la nini kitazamwe jioni katika televisheni na video za majumbani mwetu ni swali ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa ni swali. Mtu anarejea kazini, king'amuzi kinawashwa, na chochote kitokeacho ndicho chakula cha macho cha nyumba nzima mpaka wakati wa kulala. Lau chakula cha tumbo kingeletwa kwa namna hiyo, kimepikwa na asiyejulikana, kwa kipimo asichokichagua mwenye nyumba, pangefanyika mashauri marefu. Leo tunamwomba msomaji achague. Na ili tusionekane kuwa watu wa kuamrisha tu, tutazitaja kwa majina kazi tunazoona zafaa kutazamwa juma hili, pamoja na sababu zake.

Sisi wa Visiwani si wageni wa chombo hiki. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati jirani zetu wa Kenya, waliokuwa na televisheni tangu mwaka 1962, wangali wakitazama picha nyeusi na nyeupe, na ndugu zetu wa Tanzania Bara hawakupata kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Katika miaka ya 1980 zikaenea deki na kanda za VHS, na uchaguzi ukatoka katika mikono ya jumba la sinema ukaingia katika mikono ya mwenye deki. Jambo hilo lilikuwa na faida yake na hasara yake. Jumba la sinema lilionyesha filamu moja kwa mtaa mzima, na kesho yake barazani watu wakabishana juu ya kitu kimoja. Deki ilimpa kila mtu filamu yake, na mabishano yakapungua.

Wala hatumo katika wale wanaowabeza wafasiri wa vibanda vya video. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na watu wasiojua neno la Kiingereza wakazifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Alitia na maneno yasiyokuwamo, ambayo mara nyingi yalikuwa matamu kuliko ya wenyewe. Serikali ya China nayo ilitambua siri hiyo. Mwaka 2011 tamthilia yao ya Mao Doudou na mama mkwe wake ilirushwa na televisheni ya taifa, TBC, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipofika Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013 aliitaja katika hotuba yake. Tangu hapo zimefuata za Kituruki na za mataifa mengine. Mkwe na mkaza mwana, mali ya urithi, mume mwenye siri: hayo ndiyo watu wanayotaka kuyaona, na wanataka kuyasikia kwa lugha yao. Je, hayo hatunayo sisi wenyewe?

Tunayo, na tuanze na Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2012. Kisa chake kiko Bagamoyo, kwa kijana mpiga picha aitwaye Cheche na mkewe Cheusi, na kinapanuka mpaka kwa jamaa na majirani wenye tamaa na madeni yao. Ilitengenezwa kwa fedha za msaada kutoka Marekani kwa shabaha ya kufundisha habari za uzazi wa mpango na UKIMWI, na mtazamaji makini atayaona mahali pengine mafunzo hayo yakichungulia. Hata hivyo watunzi walifahamu kwamba mtu hafundishwi na mabango. Waliwaacha wahusika wakosee kama watu wanavyokosea. Nyumba yenye vijana itaitazama kwa siku kadhaa, na ni vyema wazee wasiondoke sebuleni, kwani maswali yatakayoulizwa yanahitaji mtu wa kuyajibu.

Kwa usiku mmoja tu, ambapo watu wamechoka, tunapendekeza Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill. Hata saa moja haifiki. Mariamu ni mgonjwa, hospitali haikumponya, na mumewe anamshauri aende kwa mganga wa kienyeji. Naye anamwogopa mganga kuliko maradhi yenyewe, kwa sababu ya jambo lililompata utotoni. Si kila msomaji atakubaliana na filamu hiyo. Mwenye kushika dini atakuwa na lake la kusema, na daktari atakuwa na lake. Sisi tunaisifu kwa kuwa haimdhihaki yeyote, na kwa kuwa hofu ya mwanamke yule imetazamwa kwa subira ambayo filamu nyingi za siku hizi, zenye vilio vya saa nzima, hazinayo. Mulvihill na Martin Mhando walikuja kuongoza Maangamizi ya mwaka 2001. Hiyo ni nzito zaidi, tena si ya watoto.

Lakini filamu inayotuhusu Wazanzibari kwa karibu zaidi ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo. Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa mume mzee. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma, na anakutana na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na polisi. Riwaya ina nafasi ya kueleza harakati kwa mapana. Filamu imekaza zaidi kwa Yasmin na Denge, na aliyeisoma riwaya atahisi kwamba baadhi ya watu wamepunguziwa maneno. Ikiwezekana, kitabu kisomwe kwanza. Na mwenye babu au bibi aliyeiona miaka ile amkalishe mbele kabisa, amwachie nafasi ya kusahihisha: nguo ndiyo hiyo? Polisi walisema hivyo? Mtaa ule ulikuwa hivyo? Filamu hiyo ilionyeshwa Toronto kabla ya wengi wetu kuiona hapa, na masahihisho ya wazee hao Toronto hayawezi kupatikana.

Hapo ndipo tunapofika penye lawama. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilitengeneza filamu kwa fedha za umma. Fimbo ya Mnyonge, iliyonadi siasa ya vijiji vya ujamaa, ilikuwa mojawapo. Wengi wa vijana wetu hawajapata kuiona, na wanaoizungumza wanaizungumza kwa kusimuliwa. Tunafahamu kwamba ni filamu ya siasa, yenye ufundi wa wakati wake, na huenda kijana akaicheka. Na aicheke, maadam ameiona. Tunavitaka vituo vya televisheni vinavyoendeshwa kwa kodi za wananchi vitenge usiku mmoja kwa juma kwa filamu za aina hii, pamoja na michezo ya kuigiza iliyorekodiwa na Televisheni Zanzibar katika miaka yake ya mwanzo, ile ambayo picha zake zingali zimesalia.

Tunasema zile zilizosalia kwa sababu picha hufa. Msomaji mwenye kanda za VHS kabatini, alizonasa kutoka katika televisheni ya wakati ule au alizorekodi harusini, azitoe juma hili azikague. Hewa ya pwani ina unyevu, na kanda ikikaa nao huota ukungu mweupe kwenye utepe. Iliyoota ukungu isitiwe katika deki, maana itaharibika, na ukungu utahamia katika kanda nyingine. Zilizo salama zisimamishwe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua na spika kubwa, na zipelekwe kwa fundi mwenye deki nzima azinakili mapema, kwani mafundi hao nao wanapungua mwaka hadi mwaka.