Nani amevikwa kilemba cha ukoka?

Miongoni mwa hoja zinazowapendeza wanafunzi wanapokutana katika chama cha mijadala ni zile za kulinganisha watu mashuhuri: nani zaidi ya nani, na nani asifiwaye kupita kiasi. Ni hoja tamu, lakini aghalabu huishia kwenye mayowe, na mwenye sauti kubwa ndiye aondokaye na ushindi. Kwa maoni yangu, kasoro haimo katika hoja yenyewe bali katika namna tunavyoijadili. Ili nisiwachokoze mashabiki wa kandanda wa hapa kwetu, nitachukua mfano wa mbali: besiboli ya Marekani, ambako mabishano haya yana umri mrefu na takwimu tele.

Katika mchezo huo, mtupaji huurusha mpira, naye mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa gongo kisha akimbie kuvizunguka vituo vinne. Karibu kila tendo huandikwa na kuhesabiwa. Mtu angedhani kwamba mbele ya hesabu ubishi ungekwisha. Haukwisha, kwani mwamba ngoma huvutia kwake: shabiki humchagua kwanza mchezaji, kisha akatafuta hesabu ya kumtetea.

Mtazame Nolan Ryan, mtupaji aliyestaafu mwaka wa 1993 baada ya misimu 27. Aliwatoa wapigaji 5,714 walioshindwa kuupiga mpira wake sawasawa, na hakuna mwingine aliyefikia idadi hiyo. Mara 7 alimaliza mechi bila mpinzani hata mmoja kupata pigo la kumfikisha kituoni. Wanaomsifu huishia hapo. Wanaomkosoa husema kwamba alishinda mechi 324 na kushindwa 292, na kwamba hakupata hata mara moja Tuzo ya Cy Young, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mtupaji bora.

Nani mkweli? Hesabu ya mechi alizoshindwa haitoshi kumhukumu. Mwaka wa 1987, akiichezea Houston, Ryan aliwaongoza watupaji wote wa ligi yake kwa kufungwa pointi chache kwa wastani, lakini akaandikiwa ushindi mara 8 na kushindwa mara 16. Mtupaji hawezi kushinda ikiwa wenzake hawafungi. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo ni yake mwenyewe: aliwapa wapinzani 2,795 nafasi ya kwenda kituo cha kwanza bila kupiga, kwa sababu mipira yake ilikwenda kombo. Anayemfuata kwa kosa hilo, Steve Carlton, alitoa 1,833. Kwa hiyo, asemaye kwamba Ryan ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kupigwa ana hoja nzito. Asemaye kwamba alikuwa mtupaji bora wa nyakati zote amemvika kilemba cha ukoka.

Derek Jeter wa New York Yankees ana kisa kinachofanana na hicho. Alipata mapigo 3,465, akatwaa ubingwa wa taifa mara 5, na mwaka wa 2020 akachaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa kwa kura 396 kati ya 397. Ubora wake akishika gongo haupingiki. Ubishi unahusu Glavu 5 za Dhahabu alizotunukiwa kwa ustadi wa kuizuia mipira. Katika hesabu ya zamani, mlinzi aliandikiwa kosa alipoufikia mpira kisha akauboronga. Mpira ambao hakuufikia kabisa haukuwa kosa lake. Wachambuzi walipoanza kuihesabu pia mipira iliyompita, walimweka Jeter miongoni mwa walinzi hafifu wa nafasi yake. Macho yaliona alichokidaka, wala hayakuona kilichompita.

Hata hivyo, lipo jambo zito zaidi ya hayo. Babe Ruth, aliyecheza kuanzia mwaka wa 1914 hadi 1935, aliipitisha mipira 714 juu ya ua wa uwanja katika mechi za ligi kuu. Katika miaka hiyo yote hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa kuingia katika ligi hizo. Josh Gibson, mpigaji hodari wa ligi za watu weusi, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuuvunja ukuta huo. Ilipofika mwaka wa 2024 ndipo wakuu wa besiboli walipoziingiza takwimu za ligi hizo katika kumbukumbu zao rasmi, na Gibson, kwa wastani wa .372, akampita Ty Cobb aliyekuwa na .367. Wapo wanaolalamika kwamba misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi. Ni kweli, lakini hakuifupisha Gibson. Sisemi kwamba Ruth hakuwa bingwa. Nasema kwamba kilichosifiwa kupita kiasi ni enzi iliyowapima watu baada ya kuwafungia wengine mlango, kisha ikatangaza kwamba imempata aliye bora kuliko wote.

Ndiyo maana nawasihi walimu wanaosimamia mijadala wasikubali hoja ya namna hii ianze kabla msemaji hajataja ni sifa ipi anayoipinga na ataipima kwa kipimo gani. Mwanafunzi naye ajifunze kuuliza ni nani hakuwekwa mizanini. Sifa zikizidi kwa mmoja, mara nyingi kuna mwingine aliyenyimwa haki yake, naye huyo hayupo ukumbini kujitetea.